Muulize Mwalimu: Nani alikuwa simba wa vita?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naishi Ujiji, mkoani Kigoma. Mwanangu wa kidato cha tatu anabishana na wenzake kwenye simu mpaka usiku wa manane: eti Mjerumani ndiye simba wa vita, Mwitaliano mwoga, Mbelgiji si lolote. Marehemu bibi yangu hakumwogopa Mjerumani hata nusu ya alivyomwogopa Mbelgiji. Nani mkweli? Pia kwenye sanduku la bibi nimekuta sarafu ya rangi ya njano, ina taji na mwaka 1916. Niisafishe kwa kitu gani? – Mama Watatu, Ujiji.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwambie kijana apunguze matumizi ya bando, halafu umsomee haya.

Tuanzie hapo hapo kwenu, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Goetzen, baada ya kuzipaka injini grisi nzito kwa matumaini kwamba watarudi. Siku mbili baadaye Kigoma ikaingia mikononi mwa Mbelgiji. (Meli hiyo ndiyo Liemba yenu. Grisi ile ikaja kumfaa Mwingereza aliyeiibua.) Lakini huyo Mbelgiji alikuwa nani? Kamanda wa brigedi iliyokuja upande wenu, Olsen, alikuwa Mdenishi, na askari wake walikuwa wana wa Kongo. Na "Mjerumani" aliyekuwa akikimbia kuelekea huku Tabora? Maofisa Wajerumani wachache, nyuma yao askari Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, pamoja na rugaruga wetu, wapiganaji wasio wa jeshi rasmi, wenye magobori. Mwanao anapohesabu ushujaa wa mataifa ya Ulaya, kwa vita vya huku anawahesabu babu zake bila kujua.

Huyo "si lolote" ndiye aliyeitwaa Tabora. Kwa siku kumi hivi za Septemba 1916 mizinga ilisikika Lulanguru upande wa reli na Itaga upande wa kaskazini. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Jenerali Wahle wa Wajerumani akaondoka na watu wake, asubuhi Mbelgiji akaingia mjini. Kamanda wa Wabelgiji, Jenerali Tombeur, alikuja kupewa ubaroni wenye jina la mji wetu. Mimi nimezaliwa hapa na sina hata kiwanja chenye jina langu.

Bibi yako hakukosea. Jeshi lile, Force Publique, ndilo lililokuwa likiwasukuma watu wa Kongo kuchuma mpira enzi za Mfalme Leopold, hadi 1908, na habari za mikono iliyokatwa zilivuka ziwa kabla ya bunduki zake. Lilipofika lilichukua chakula na vijana wa kubeba mizigo, na kwenu Mbelgiji alikaa mpaka 1921. Kinachonishangaza mimi ni kwamba miaka hiyo hiyo kule Ulaya, Mbelgiji ndiye aliyeliliwa. Agosti 1914 Wajerumani waliua raia 674 katika mji wa Dinant na kuichoma maktaba ya Leuven. Kule aliyeonewa ni Mbelgiji, huku kwenu mwonevu ni yeye.

Mjerumani alijua kupigana, hilo silikatai. Novemba 1914 pale Tanga, watu wake kama elfu moja waliwarudisha baharini askari wapatao elfu nane walioletwa na Mwingereza kutoka India. Nyuki nao waliingia vitani wakauma pande zote mbili. Kwetu Tabora, watu wa mizinga ya asali, hilo halihitaji maelezo. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alizunguka mpaka 25 Novemba 1918, akaweka silaha chini kule Abercorn (sasa Mbala, Zambia) wakati Ulaya ilikuwa imeshanyamaza wiki mbili. Akarudi kwao shujaa. Alikula nini miaka yote hiyo? Mtama wa watu. Nenda Ugogo utaje Mtunya, njaa iliyofuata baada ya majeshi ya pande zote kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Na kwa askari aliyekosea au mpagazi aliyechoka palikuwa na hamsa-ishirini, viboko ishirini na vitano, navyo vilihesabiwa kwa sauti.

Babu yangu mzaa baba alichukuliwa Sikonge akiwa kijana, akabebeshwa sanduku la risasi la ratili sitini kumfuata Wahle kuelekea Iringa. Nilimuuliza swali lako hili hili mwaka 1966, nikiwa na madaftari yangu ya shule, nikitaka jibu la kuandika. Aliyapanga majeshi kwa posho. Mpaka Tabora, alisema, unga ulipimwa kila jioni. Baada ya Tabora, kibaba kikawa nusu, kisha mihogo mibichi, kisha "kila mtu na macho yake". Alitoroka usiku akiwa na mwenzake mmoja. Mwenzake hakufika. Habari za nani alipiga shabaha vizuri hakuwa nazo, kwa sababu bunduki zilipolia yeye alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya sanduku lake.

Kuhusu Mwitaliano, mwambie kijana asome habari za Keren, Eritrea, 1941. Pale Waitaliano na askari wao Waeritrea waliwazuia Waingereza milimani kuanzia Februari hadi mwishoni mwa Machi. Mwoga hakai hapo. Miaka mitano tu kabla yake, jeshi hilo hilo lilikuwa likiwamwagia Waethiopia gesi ya sumu kutoka angani. Mimi ningependa wabishanie hilo zaidi kuliko uoga.

Sasa sarafu. Itazame kwa kioo cha kukuzia: ukiona herufi T, na upande mmoja 20 Heller, basi ilipigwa hapa kwetu Tabora, Mjerumani alipokuwa amezingirwa na fedha kutoka kwao hazifiki. Ni shaba ya njano. Ipo pia ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, na hiyo ndiyo vijana wa stesheni hujaribu kuniuzia kila mwaka, ikiwa nyepesi kama kifuniko cha soda. Yako usiisugue kwa limau wala majivu. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, uirudishe sandukuni kwa bibi.