Swali la lugha: Fumbo hutatuliwa au hufumbuliwa?

Msomaji aliyeko Leicester, Uingereza, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mimi nimezaliwa Tanga, sasa nafanya kazi huku. Kila siku mchana, tukikaa kula, mimi na wenzangu wawili tunafungua gazeti kwenye ule mchezo wa kujaza maneno katika visanduku, tena ule mgumu ambao maswali yake yanakuzungusha: yanasema hili, yanataka lile. Juzi nilimwambia bibi kwa simu kwamba tulikuwa 'tunatatua fumbo'. Akacheka, akaniambia fumbo halitatuliwi. Nikamuuliza basi hufanywa nini, akasema nikawaulize walioenda shule. Ndiyo nauliza: ni kutatua, kufumbua, kutegua au kujaza? Na mchezo wenyewe tuuite nini kwa Kiswahili?"

Marahaba, mwanangu. Mimi niko upande wa bibi. Najua magazeti yanaandika "kutatua fumbo" na hakuna anayeshindwa kuelewa, lakini sikio la bibi yako limenasa jambo ambalo darasani hupitiwa juujuu: katika Kiswahili, kitenzi cha kufungua hutazama kwanza kitu kilifungwaje.

Tuna vitenzi viendavyo jozi jozi. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Fuma, fumua. Choma, chomoa. Hiyo -ua au -oa ya mwisho ndiyo wanasarufi huiita kauli ya kutendua, kwa kuwa inalirudisha nyuma jambo lililokwisha kufanywa. Mlango uliofungwa hufunguliwa, hauzibuliwi. Bomba lililoziba huzibuliwa, halikunjuliwi. Hapo hakosei mtu. Tukifika kwenye mambo ya akili ndipo tunapookota kitenzi chochote kilicho karibu.

Tatua ni kitenzi cha uzi. Uzi ukivurugika hadi huioni ncha yake, umetatana. Unaketi nao, unavuta hapa, unalegeza pale, mpaka unyooke. Ndiyo maana tatizo hutatuliwa, na mgogoro vilevile. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kuvitata, mambo yameingiliana yenyewe.

Tegua ni kitenzi cha mtego. Anayetega hukusudia, na hukaa pembeni akisubiri. Mtoto husema "Kitendawili!", wenzake huitika "Tega!", naye hutega: nyumba yangu haina mlango. Ajuaye kuwa ni yai amekitegua. Asiyejua amenaswa, na hatoki mpaka atoe mji. Tazama lakini kwamba kitendawili chenyewe hakikupi njia ya uhakika ya kulifikia jibu. Vitu vingi havina mlango. Jibu ni yai kwa sababu jamii imekubaliana kuwa ni yai, na wewe uliwahi kulisikia kwa mtu.

Fumba ni kitenzi cha mwili. Tunafumba macho, tunafumba kinywa, tunafumba mkono. Umecheza utotoni ule mchezo wa kokoto: mwenzako anaificha kiganjani, anafumba mikono yote miwili, anakunyooshea ngumi mbili na kukuuliza iko wapi. Kokoto ipo pale, umbali wa pua yako. Haikutupwa wala haikubadilishwa, ila vidole vimeizunguka. Hilo ndilo fumbo: maana ipo ndani ya maneno yaleyale unayoyasikia, na kazi yako ni kuvifumbua vidole. Wahenga waliongeza kitenzi kingine hapa: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kugangua ni kuondoa uchawi, nayo pia ni ya jozi, ganga na gangua. Wapo wasemao huling'amua, nao hawajakosea. "Hulitatua" sijapata kuisikia katika methali hii.

Sasa mchezo wako. Aina ya kawaida ilianzia New York: tarehe 21 Desemba 1913 gazeti la New York World lilichapisha umbo la almasi lenye visanduku, lililotungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Maswali yake yalikuwa ya moja kwa moja, ukipewa maana unatafuta neno. Swali la namna hiyo naliita kidokezo, maana linakudokeza tu. Halikufumbwa, kwa hiyo halina cha kufumbuliwa.

Ule wa kuzungusha ulikulia Uingereza. Kuanzia 1926 Edward Powys Mathers alikuwa akiwatungia wasomaji wa gazeti la The Observer kwa jina la Torquemada, na alipofariki 1939 nafasi yake ikachukuliwa na Derrick Somerset Macnutt aliyejiita Ximenes. Majina hayo yote mawili ni ya wakuu wa mahakama ya kanisa la Hispania iliyosifika kwa mateso. Mpaka leo watunzi wengi wa huko wana lakabu, kama malenga wetu wa mwambao. Mwenzao A. F. Ritchie, ambaye lakabu yake ilikuwa Afrit, aliweka mwaka 1949 kanuni ambayo watunzi wanaojiheshimu bado wanaishika: si lazima umaanishe unachosema, lakini ni lazima useme unachomaanisha. Sijui maelezo ya fumbo yanayoshinda hayo kwa lugha yoyote. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezifumba siasa za mji wake na Unguja katika beti za mistari minne, angemwelewa Afrit bila mkalimani.

Kwa kuwa wewe unaucheza kwa Kiingereza kila siku, wasomaji wengine wauone kwa Kiswahili. Kila swali la mchezo huu lina njia mbili za kufika kwenye jibu moja. Ncha moja ya sentensi inatoa maana ya neno, na sehemu iliyobaki inatoa herufi zake kwa ujanja fulani. Zinapokutana, huhitaji kuambiwa na mtu kwamba umepata. Nimetunga machache.

Samaki walivurugika msimu wa mvua (herufi 6).

Macho yanakimbilia baharini. Rudi. "Walivurugika" ni amri kwako: zivuruge herufi za neno "samaki". Upande wa pili, "msimu wa mvua", ndiyo maana. Panga upya S, A, M, A, K, I upate MASIKA. Hakuna herufi iliyozidi wala iliyopungua.

Mnyama hukuna nazi (herufi 5).

Hapa hakuna herufi za kuchezea, kuna maana mbili zilizobanwa pamoja: mnyama, na chombo cha jikoni. MBUZI. Bibi yako atalipata hili kabla hujamaliza kulisoma.

Anayenguruma yumo ndani ya basi mbali (herufi 5).

Basi hunguruma, kwa hiyo msomaji anaanza kutafuta gari. Lakini "ndani ya" inamaanisha ndani ya herufi: ba-SI MBA-li. SIMBA.

Hili la tatu nililipenda kwa muda, kisha nikaliona kasoro yake, na kasoro hiyo inaihusu lugha yenyewe. Msomaji makini ataiona ile a- ya "anayenguruma" na kujua papo hapo kwamba si basi, kwa sababu basi lingekuwa "linalonguruma". Ngeli imenisaliti. Kiingereza hakina shida hii, maneno yake hayavai sare. Kiswahili kinavisha kila kitu: paa wa porini hukimbia kwa a-, "paa anakimbia", na paa la nyumba huvuja kwa li-, "paa linavuja". Hata tembo: mwenye mkonga ni "tembo yule", na yule wa mgema katika methali "hulitia maji". Mtunzi anayetaka kuficha yupi ni yupi hujikuta kila kiambishi kinapiga kelele.

Mlango wa kutokea ni hu-. Hii hu- ya mazoea ndiyo kiambishi pekee cha wakati ambacho hakidai kiambishi cha ngeli mbele yake: mtu hukuna, kifaa hukuna, mvua hunyesha, maji huchemka. Ndiyo maana katika swali la mbuzi nilisema "hukuna" badala ya "anayekuna". Mnyama angedai "anayekuna", na hapo kibao cha mbuzi kingesahaulika kabisa. Nalo la simba nimelirekebisha: Hunguruma ndani ya basi mbali (5). Fupi zaidi, tena sasa haliongopi wala halijifichui. Nimefundisha hu- kwa miaka kama alama ya mazoea na ya ukweli wa kudumu, na ni mchezo huu wako ulionifanya niione kama pazia.

Jambo jingine ambalo mchezo huu unalifunua ni silabi. Waingereza hupenda kuligeuza neno herufi kwa herufi, kutoka mwisho hadi mwanzo, wapate neno jingine. Jaribu kwa Kiswahili: karibu kila neno letu linaishia na irabu na mengi yanaanza na konsonanti, kwa hiyo ukilisoma kinyumenyume unaambulia "amil", "akap", "utik". Lakini watu wa pwani tangu zamani wana mchezo wao wa kusema maneno upande wa pili, Kinyume, nao haugusi herufi. Unahamisha silabi: simba anakuwa mbasi, maji yanakuwa jima. Kwa njia hiyo mambo yanafunguka.

Shika jembe kinyume upate utajiri (herufi 4).

"Shika jembe" ni LIMA. "Kinyume" ni amri ya kuhamisha silabi. Unapata MALI, na maana yake, "utajiri", imekaa mwishoni kama inavyotakiwa. Kama kuna siku mtu atautungia Kiswahili mchezo huu kila siku gazetini, namwomba aanze na silabi, asianze na herufi. Hata visanduku vyenyewe vingekuwa vya silabi ningefurahi, maana "ng'ombe" ataandikwaje herufi kwa herufi? Ile alama ya juu itapewa kisanduku chake, au itaachwa na ng' ifanane na ng ya ngoma? Kwa silabi ni ng'o na mbe, visanduku viwili, basi.

Turudi kwa maneno yako. Kila swali moja moja la mchezo huu ni fumbo, kwa sababu mtu amelifumba kwa makusudi na ameiacha kokoto ndani. Hufumbuliwa. Na kwa kuwa ni fumbo li-, sema "nimelifumbua", usiseme "nimeifumbua" kama nisikiavyo siku hizi. Visanduku hujazwa: unalifumbua fumbo, kisha unajaza. Kutegua waachie vitendawili. Kutatua kutakufaa pale tu mnapogundua kuwa jibu la mlalo na la wima halikubaliani na hamjui nani kakosea, maana huo sasa ni mtatizo wenu wenyewe, mtunzi hakuutega wala hakuufumba.

Ukisema jina la tendo, ni ufumbuzi, kwa f. Nasisitiza kwa sababu wengi wanaandika "uvumbuzi wa fumbo". Kuvumbua ni kugundua kitu kisichojulikana, dawa, chombo au kisiwa. Mvumbuzi hupewa tuzo. Anayefumbua hakigundui kipya, anakifungulia kilichofungwa na mwingine.

Kuhusu jina la mchezo wote, chemshabongo limeshazoeleka na sitalipiga vita, ila ni pana mno: hesabu ni chemshabongo, maswali ya redioni ni chemshabongo. "Msalaba wa maneno" silipendi. Mtu wa kwetu akisikia msalaba anafikiri kanisa au mateso, hafikiri maneno yanayokatizana. Kwa ule wa kawaida naona "mraba wa maneno" unatosha. Kwa wako, "mraba wa mafumbo". Mtungaji wake ni mfumbaji, na ninyi watatu wa saa ya chakula ni wafumbuzi.

Kwa hiyo ukipiga simu tena, mwambie bibi: "Mchana tulikuwa na mraba wa mafumbo, tumefumbua yote yamebaki mawili." Hatacheka. Kisha msomee hili, umpe muda, na uniandikie amejibu nini:

Hutembea upande, huwaka jikoni, usisimame! (herufi 3).