Kabla hujanunua kamkoda ya HD, tazama kinachofuata baada ya 1080

Wanunuzi wengi wa kamkoda wakishaona 1080, yaani idadi ya mistari ya picha, wameridhika. Mimi nahariri video za watu, na kinachonichelewesha kazini ni kile kinachofuata hapo: i au p, kisha 50 au 60, yaani idadi ya picha au nusu-picha kwa sekunde.

Kamera ya intalesi, yaani 1080i, haichukui picha nzima kwa mpigo mmoja. Huchukua mistari ya witiri, halafu baada ya sehemu ya hamsini ya sekunde huchukua ya shufwa. Kila nusu ni fildi, na fildi mbili ndizo fremu moja. Kwa hiyo 50i, yaani fildi 50 kwa sekunde, ni fremu 25. Kitu kikiwa kimetulia hutaona tofauti. Mtu akipunga mkono, simamisha video kwenye kompyuta: kingo za mkono zina meno kama kitana, maana ulishasogea kabla ya nusu ya pili kuchukuliwa. Progresivu, yaani 1080p, huchukua mistari yote pamoja, na kwa video ya simu au kompyuta ningechagua hiyo bila kusita.

Kama tayari una kanda za 50i, usikubali programu izigeuze kuwa fremu 25. Nusu ya mwendo inapotea hapo! Agiza kila fildi iwe fremu kamili, upate 50p. Tena fanya hivyo kabla ya kupunguza ukubwa wa picha, kwa sababu ukipunguza kwanza, fildi mbili huchanganyika na hazitenganishiki tena.

Kuhusu maeneo, HD iliondoa tofauti ya mistari 576 ya PAL na 480 ya NTSC, mifumo ya zamani ya televisheni, lakini tofauti ya kasi ilibaki. Kamkoda za mfumo wa kurekodi wa HDV, na za mfumo wa AVCHD zilizofuata mwaka 2006, zilitengenezwa 60 kwa Marekani na Japani, 50 kwa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika. Nyingi hazibadiliki. Ukirekodi kwa 60 chini ya taa za tyubu kwenye umeme wa hezi 50, picha hupwitapwita. Weka shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, iwe 1/100 ya sekunde.

Jihadhari pia na faili linalojiita 50i. Baadhi ya kamkoda huhifadhi 25p ndani ya mfumo huo. Tafuta sehemu yenye mwendo wa kasi, isimamishe, na kama kingo ni safi, usiligeuze.