Mtoto wa Mwanza na mawe ya barafu

Wiki hii kijana mmoja wa Nyegezi ameniandikia. Anasoma jiolojia, anataka kubobea katika kupima barafu za kale zilirudi nyuma lini, na nyumbani wanamsihi asomee dhahabu, Geita si iko hapo jirani? Mdogo wangu, hayo nimeyasikia. Mwalimu wangu mmoja aliniuliza mbele ya darasa zima: "Wewe mtu wa Mwanza, barafu utaiona wapi?" Yaliniuma, na bado yananiuma. Mwezi uliopita nimepata nafasi ya uzamivu kwa kazi hiyohiyo.

Sisi tumekulia juu ya majabali. Ila usichanganye: Jiwe la Bismarck, lile la ziwani pale Mwanza, halikuletwa na barafu. Ni granaiti ya kale iliyooza kwenye nyufa zake, udongo ukasombwa, majabali yakabaki. Jiwe lililoletwa na barafu limebebwa kutoka mbali likatuliwa. Likiwa limefunikwa na barafu nene, miale ya angani hailifikii. Barafu ikishaondoka, miale hupiga kwatzi, madini magumu yaliyomo kwenye jiwe, na kuzalisha beriliamu-10, aina adimu ya atomi, kidogo mno: kwenye usawa wa bahari ni kama atomi 4 kwa gramu kwa mwaka. Ukizihesabu, unajua jiwe limekaa wazi muda gani. Kwa njia hii moraini, yaani malundo ya mawe yaliyoachwa na barafu, za Rwenzori, huko Uganda, zimeonyesha barafu ilianza kurudi nyuma takriban miaka 20,000 iliyopita. Barafu ya Afrika hiyo, ndugu zangu!

Ushauri wangu ni huu: jifunze kuchagua jiwe. Nilipokuwa msaidizi wa uwandani, tulipita mawe mengi bila kuyagusa. Tunataka kubwa, lililotulia, lisiloonyesha dalili ya kubingirika, tena lililoinuka vya kutosha lisije likawa lilizikwa na udongo. Mshipa wa kwatzi ukiwa umejitokeza milimita chache tu, uso haujaliwa sana. Hapo unabandua sentimita chache za juu kwa nyundo na patasi. Jiwe baya halirekebishwi na maabara yoyote.

Na vijana wa Kanda ya Ziwa, acheni kungoja mtu awaruhusu kupenda kitu. Someni kemia, someni hesabu, ombeni nafasi hata mkikataliwa. Someni!

Wewe wa Nyegezi, Jumamosi panda Capri Point na klinomita, kifaa cha kupimia pembe za miinuko. Chagua jabali moja, simama juu yake, pima pembe ya kila kilima kinacholizibia anga pande zote, maana miale iliyozibwa lazima iingie kwenye hesabu. Nitumie vipimo, nitavikagua mwenyewe.