IP ya nodi ya Kubernetes kwa huduma ya NodePort
Kaka, umeuliza kwa nini huduma yako ya NodePort (inayofunguliwa kupitia poti kwenye kila nodi, yaani kila mashine ya klasta ya Kubernetes) haifunguki ukiwa nje kwa anwani inayoanza na 10.96. Hiyo ni ClusterIP, anwani ya ndani ya klasta tu, haifikiki nje yake. Unayohitaji ni anwani ya nodi yenyewe:

kubectl get nodes -o wide

Angalia safu ya EXTERNAL-IP. Ukikuta none, usihangaike, klasta nyingi za kujijengea mwenyewe huwa hivyo. Chukua INTERNAL-IP, mradi kompyuta yako iko mtandao mmoja na nodi. Kisha:

kubectl get svc

Ukiona 80:31245/TCP, poti yako ni ile ya pili, 31245 (kwa kawaida huwa kati ya 30000 na 32767). Fungua http://IP-ya-nodi:31245. Nodi yoyote itakupokea hata kama podi (kontena zinazoendesha programu yako) iko kwenye nodi nyingine, isipokuwa mpangilio wa huduma uitwao externalTrafficPolicy umewekwa Local, ambapo nodi hupeleka maombi kwa podi zilizo juu yake tu.

Ikigoma bado, anza na fayawoli. Kwenye AWS au Google Cloud lazima uiruhusu poti hiyo mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kama ni Minikube (klasta ndogo ya Kubernetes kwenye kompyuta yako) ndani ya Docker kwenye Mac au Windows, IP ya nodi haifikiki moja kwa moja. Tumia minikube service jina-la-huduma --url, na usifunge hilo dirisha la amri ukiwa bado unaitumia.