Je, Schmeling alikuwa bingwa wa kubahatisha?
Ndugu, umeuliza kama bondia Max Schmeling wa Ujerumani alibahatisha tu, kwa kuwa mwaka 1930 alipewa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa chini ulingoni, baada ya Jack Sharkey kuondolewa kwa kumpiga chini ya mkanda. Tafadhali usimpime kwa pambano hilo pekee. Kabla ya kukutana na bondia Mmarekani Joe Louis mwaka 1936, alitazama filamu za mapambano ya Louis na kugundua kwamba mpinzani huyo, kila anaporusha konde la kushoto, huuacha mkono huo ushuke. Basi Schmeling akawa anapitisha konde lake la kulia juu ya mkono huo ulioshuka, mpaka Louis akaanguka katika raundi ya 12. Mwaka 1938 Louis alimmaliza katika raundi ya kwanza, lakini kipigo hicho, kwa maoni yangu, hakifuti ushindi ule.