Maswali ya Wasomaji: Programu Moja, Mifumo Endeshi Mitatu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wawili tunatunza programu huria ndogo, iliyoandikwa kwa lugha ya C, inayohamisha mafaili kati ya kompyuta kwa njia salama. Tunaikompaili, yaani tunaigeuza kuwa faili ambalo kompyuta inaweza kuliendesha, kwenye Ubuntu 22.04 (aina ya Linux), kwenye Mac moja na kwenye Windows, kisha tunaisambaza ikiwa tayari kutumika. Kwetu haina tatizo, lakini watumiaji wa Debian 11, Linux nyingine, wanaambiwa kwamba GLIBC_2.34 haikupatikana, wa macOS wanaambiwa maktaba (msimbo wa pamoja unaotumiwa na programu) haipo ilhali kwenye Mac yetu ipo, na wa Windows wanadaiwa faili la DLL, yaani maktaba ya Windows. Je, tubebe maktaba zote ndani ya kifurushi ili tuondokane na usumbufu huu?

JIBU: Ndugu msomaji, nawashauri msizibebe zote. Maktaba mnayoiweka ndani ya kifurushi inakuwa yenu: kasoro ya usalama ikigunduliwa ndani yake, ni nyinyi mtakaopaswa kutoa toleo jipya haraka, wala si watunzaji wa mfumo endeshi. Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, iliyopewa jina la Heartbleed, msimamizi wa seva aliyetegemea maktaba ya mfumo aliisasisha mara moja, akawasha upya huduma zake, na programu zote zilizoishiriki zikawa salama kwa pamoja. Programu iliyokuwa na nakala yake yenyewe ilibaki wazi mpaka watunzaji wake walipotoa toleo lingine. Kwa hiyo, kabla ya kuamua maktaba ikae wapi, amueni ni nani atakayeirekebisha ikiharibika, na uamuzi huo muuandike kwa kila maktaba.

Tuanze na Linux, kwani huko mna matatizo mawili yanayofanana kwa sura tu. La kwanza ni glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C. Watunzaji wake hujitahidi sana kuhakikisha kwamba programu iliyokompailiwa kwa toleo la zamani inaendelea kufanya kazi kwenye toleo jipya, lakini hawakuahidi kinyume chake, na wala isingewezekana. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, Debian 11 ina 2.31, na kwa kuwa toleo la 2.34, lililotoka Agosti 2021, lilibadilisha hata sehemu inayoanzisha programu, karibu kila programu inayokompailiwa kwa toleo hilo au la baadaye hudai 2.34, hata kama mwandishi wake hakutumia jambo lolote jipya. Dawa ni kukompaili kwenye mfumo wa zamani kuliko yote mnayotaka kuihudumia, ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta) ikiwezekana. Jumuiya ya Python imefuata njia hii kwa miaka: vifurushi vyake vya manylinux2014 vilipimwa kwa CentOS 7, yenye glibc 2.17, ndiyo maana hukubalika karibu kila mahali penye glibc. Alpine, aina nyingine ya Linux, haimo, kwa sababu inatumia maktaba nyingine iitwayo musl, na huko mtahitaji kukompaili upya.

Tatizo la pili ni OpenSSL, nalo haliponi kwa dawa hiyo. Mkikompaili kwenye Debian 11, programu itatafuta faili la libssl.so.1.1, lakini Debian 12 na Ubuntu 22.04 zina libssl.so.3 pekee, kwa kuwa OpenSSL 3.0, iliyotoka Septemba 2021, ilibadilisha jina hilo makusudi ili kutangaza kwamba haiwiani na matoleo yaliyotangulia. Hapa hakuna faili moja litakaloridhisha wote. Ama mtengeneze kifurushi cha deb (muundo wa vifurushi wa Debian na Ubuntu) kwa kila toleo la Debian na Ubuntu, ama mbebe OpenSSL yenu na kukubali wajibu nilioutaja. Mimi ningechagua la kwanza bila kusita, kwa sababu programu yenu inahusika na usalama, na kazi yenyewe inaweza kufanywa na mashine kila mnapotoa toleo.

Tena, msiandike kwa mkono majina ya vitegemezi, yaani vifurushi ambavyo programu yenu inavihitaji. Maktaba hiyohiyo moja inaitwa libssl1.1 kwenye Debian 11, libssl3 kwenye Debian 12, libssl3t64 kwenye Ubuntu 24.04, na kwenye Fedora imo ndani ya openssl-libs. Chombo cha dpkg-shlibdeps husoma programu iliyokwisha kukompailiwa na kuorodhesha chenyewe vifurushi vinavyohitajika, na rpm, chombo cha vifurushi cha Fedora, nayo ina utaratibu wa namna hiyo. Jambo la kuangalia ni kwamba vyombo hivi huona tu maktaba zilizounganishwa moja kwa moja. Ikiwa programu yenu inaita programu nyingine, au inafungua maktaba fulani ikiwa tayari inaendeshwa, hilo hata amri ya ldd, inayoorodhesha maktaba za programu, haitawaonyesha, na hapo lazima mwongeze wenyewe.

Kwenye macOS, endesheni otool -L, amri inayoonyesha maktaba zinazotafutwa, juu ya programu yenu. Nina hakika mtaona njia inayoanza na /opt/homebrew, au /usr/local kama Mac yenu ni ya Intel, maana yake programu imekariri mahali Homebrew, chombo cha kusakinisha programu kwenye Mac, ilipoweka maktaba kwenye mashine yenu, na mtumiaji asiye na Homebrew hana njia hiyo. Mkiweza, andikeni fomula ya Homebrew (maelezo ya namna ya kuisakinisha programu) ili maktaba iletwe na chombo hicho. Msipoweza, wekeni maktaba ndani ya kifurushi na mbadilishe njia kwa install_name_tool, kisha mtie sahihi upya kwa codesign, kwani badiliko hilo linaharibu sahihi ya awali, na Mac zenye vichakataji vya Apple hukataa kuendesha programu yenye sahihi mbovu.

Windows haina maktaba ya OpenSSL ya mfumo mnayoweza kuitegemea, kwa hiyo huko mtaibeba tu. Iwekeni DLL kando ya faili la programu, ambako Windows hutafuta kabla ya kwingine kote. Wajibu wa kuisasisha ni wenu.

SWALI: Programu yetu hupakua maktaba tatu kutoka intaneti wakati wa kukompaili. Mtunzaji mmoja wa Debian amekataa kuipokea kwa sababu hiyo. Je, ana haki?

JIBU: Anayo. Kanuni za Debian zinakataza vifurushi vya hifadhi yake kuu kutumia mtandao vinapojengwa, na sababu yake ni nzito: kinachopakuliwa leo kinaweza kubadilika au kutoweka kesho. Machi 2016 kipande cha mistari 11 kiitwacho left-pad kiliondolewa kwenye npm, hifadhi ya vipande vya msimbo wa JavaScript, na miradi mingi iliyokitegemea, mingine bila kujua, ikashindwa kujengwa. Wekeni chaguo la kutumia maktaba zilizomo tayari kwenye mfumo, na kwa wanaopakua, tajeni toleo kamili pamoja na alama ya SHA-256 ya kila faili, inayothibitisha kwamba halijabadilika. Kisha kateni intaneti ya mashine ya kukompailia na mjenge upya kutoka kwenye chanzo. Kazi ikikwama, hapo ndipo penye kitegemezi ambacho bado hamjakitaja.