"Mume kaniacha": kwa vijana mnaoanza dawati la msaada wa sheria Zanzibar

Wadogo zangu,

Jumatatu nilikaa pembeni nikiangalia mnavyopokea watu. Kaingia mama wa makamo, khanga imelowa jasho, kaja kwa miguu kutoka Kwahani, na neno la kwanza alilolisikia ni "Kitambulisho?" Salamu hakupewa. Nilinyamaza kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, lakini usiku sikulala vizuri. Makosa yetu ya zamani naona mnayarudia moja baada ya jingine, na ninakupendeni mno kukuacheni myajue kwa njia niliyoyajua mimi.

1. Shikamoo, kiti, maji. Kitambulisho hakikimbii.

2. Msimtume mtu barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wake, kabla hamjajua kama shauri lake linaihitaji. Kwa mwenye meza ya urojo, kuja kwetu mara moja ni mtaji wa siku nzima. Mkimrudisha mara tatu, ya nne haji, halafu mnaandika kwenye faili "mteja hakufuatilia." Alikosa nauli, jamani. Mpigieni simu.

3. Jueni mlango wa kila shauri. Ndoa, talaka, matunzo na mirathi ya Waislamu ni kwa Kadhi. Ugomvi wa kiwanja ni Mahakama ya Ardhi. Mtoto aliyedhalilishwa kijinsia apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono pale hospitali ya Mnazi Mmoja siku hiyo hiyo, kabla hajaogeshwa, na mmoja wenu afuatane naye.

4. Andikeni alichosema mteja, kisha msomeeni.

Hapa nitakaa kidogo. Nilikuwa na miezi mitano kazini alipokuja mama mmoja wa Jang'ombe, muuza vitumbua, watoto wanne. Nikamuuliza shida yake. "Mwanangu, mume kaniacha, mwezi wa saba huu, hata unga haleti." Nyuma yake walikuwapo watu kumi na moja. Nikaandika kwa ule mwandiko wa kisheria niliokuwa nikijivunia: mdaiwa alimtaliki mdai miezi saba iliyopita, mdai anaomba matunzo ya eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, na matunzo ya watoto. Dakika kumi. Nikamsogezea kidau cha wino, akaweka dole gumba, unga wa mchele bado umo kwenye kucha. Sikumsomea.

Mnakijua Kiswahili chetu. Mwanamke akisema kaachwa, mtaa mzima unasikia talaka. Lakini mume wa mama huyu alikuwa mvuvi. Alikwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, dago likaisha, wenzake wakarudi, yeye akabaki huko huko akaoa mke mwingine. Kumuacha alimuacha, kama mtu anavyotelekeza mzigo bandarini. Talaka hakutoa. Mama alikuja kulalamika, mimi nikamuandikia tukio lenye tarehe.

Siku ya shauri mume alikuja. Kadhi akamsomea madai. Yule bwana akanyamaza, nikamuona anapiga hesabu, kisha akasema: "Ni kweli, Sheikh. Nilimuacha, kama alivyosema mwenyewe." Mama hakumtazama mume. Alinigeukia mimi. "Lini?" akaniuliza. "Lini, mwanangu?"

Kadhi alimuuliza kwa upole kama dole lile ni lake. Ni lake. Mume keshakiri talaka kwa kinywa chake, na tarehe aliyoishikilia ni ile niliyoiandika mimi. Kwa hiyo eda imekwisha, matunzo ya mke hakuna, na miezi saba aliyostahili kulishwa kama mke ikapotea. Watoto walipangiwa chao. Chumba walichokuwa wakilala kilikuwa cha ukoo wa mume. Shemeji alikuja na kufuli wiki ile ile.

Nilikwenda kumuomba radhi. Nikamkuta kwa dada yake, anakaanga ukumbini mwa watu. Akanitilia vitumbua viwili kwenye kisahani. "Kula, mwanangu. Mungu atajaalia." Nilikula huku machozi yananitoka, naye akawa anageuza vitumbua vyake, kimya. Hajanilaumu hata siku moja. Miaka imepita, na mpaka leo nikipita Jang'ombe alfajiri, harufu ya iliki na nazi inanifanya niharakishe hatua.

Basi mteja akisema kaachwa, muulizeni: alitamka talaka? Ngapi? Mbele ya nani? Kuna karatasi? Na akisema "kanifukuza", "kanidhulumu", "kanila pesa zangu", ulizeni vile vile mpaka mwone jambo lenyewe. Mkimaliza, msomeeni kwa Kiswahili cha nyumbani, pole pole, mpaka aseme "ndivyo." Akisema "haya" tu, bado hajaelewa, rudieni.

5. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto ana thumuni yake, sehemu moja ya nane ya mirathi, kwa sheria ya Kiislamu. Mwambieni mapema, kabla mashemeji hawajamwambia kuwa hana kitu.

6. Msaada wetu ni bure, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 imeutambua. Lakini kazi hii ni ya zamani kuliko sheria hiyo: Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992, enzi za mwanzilishi wake, marehemu Profesa Haroub Othman. Kwa hiyo msipokee hata nauli. Kuna bibi alirudishiwa kiwanja chake, akatuletea fenesi zima, kalibeba kichwani. Tulimwambia haturuhusiwi. Akalitua mlangoni, akakaa chini kando yake, akasema haondoki nalo. Mwishowe tukalipasua uani, tukala pamoja naye na kila aliyekuwa kwenye foleni, na faili lake lina utomvu mpaka leo. Pesa lakini, hapana.

7. Msiseme "kesi yako nyepesi" mbele ya mtu ambaye hajalala siku tatu.

Jumatatu ijayo nitakaa tena pembeni yenu. Foleni huanza saa moja na nusu asubuhi. Nataka nikute mtungi umejaa maji na vikombe vimeoshwa. Na kalamu zikae mezani mpaka mteja amalize kusema.